Kufunga njia ya Saudia kunamlinda nani?

Kila jeneza linapotoka Ghuba na kuzikwa Butere au Ugunja, huku magharibi mwa Kenya, wito ni ule ule: serikali ipige marufuku safari hizi za kwenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba. Wanaosema hivyo wana hoja nzito. Mwaka 2021 Bunge liliambiwa kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika kipindi cha takriban miaka 2, na vifo vingi viliandikwa kuwa moyo ulisimama. Hawa ni watu waliopimwa afya kabla ya kupanda ndege. Kusema moyo wa marehemu ulisimama ni kusema amekufa, basi. Isitoshe, chini ya kafala, mfumo wa udhamini wa wafanyakazi wa kigeni huko Ghuba, mwajiri ndiye mdhamini wa kibali cha mfanyakazi, na mageuzi ya Saudia ya mwaka 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani.

Lakini marufuku tumeshayajaribu, mwaka 2012 na tena 2014, na sisi wa magharibi tunajua njia ilihamia wapi. Kuvuka Busia au Malaba kuingia Uganda ni safari ya boda boda, na Entebbe kuna ndege. Anayepitia huko hana mkataba uliosajiliwa Nairobi, wakala wake hana leseni ya kunyang'anywa, na ubalozi haujui kama yupo. Akifungiwa ndani na simu ikachukuliwa, mtu wa kwanza kugundua ni mama yake kijijini, anayeona wiki zimepita bila sauti wala M-Pesa.

Huyo mama ndiye anayesahaulika na pande zote mbili. Anayetaka njia ifungwe humwona kama mzazi aliyemuuza bintiye, na hilo huniudhi kwa sababu ni uongo. Mara nyingi binti mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu: karo, mkopo wa chama, watoto ambao baba yao hatumi kitu. Anayetaka njia iwe wazi naye humwona kama mpokeaji wa pesa. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Saudia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza. Benki Kuu hutoa hesabu hiyo kila mwezi, nchi kwa nchi. Katika jedwali hilo hakuna safu ya watoto walioachwa kwa nyanya, wala ya nyanya anayelea wajukuu bila karatasi yoyote ya kumtambua kama mlezi, anayeulizwa hospitalini na shuleni, "Mzazi yuko wapi?" Pesa tumeijengea mfumo wa kuifuatilia hadi senti ya mwisho. Aliyeituma akipotea, familia huambiwa iandike barua Nairobi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 unataja familia hata katika jina lake: unalinda haki za wafanyakazi wahamiaji wote na wanafamilia wao. Kifungu cha 37 kinampa mfanyakazi, pamoja na familia yake, haki ya kuelezwa masharti ya kazi kabla ya safari, au angalau anapoingia nchi ya kazi. Uganda ilijiunga mwaka 1995. Kenya haijajiunga.

Mpinzani atauliza kuna faida gani Kenya ijiunge ikiwa mataifa ya Ghuba yenyewe hayamo katika mkataba huo. Swali ni la haki, na sitasema kwamba sahihi ya Nairobi itafungua mlango uliofungwa Riyadh. Hata hivyo sehemu kubwa ya madhara huanzia huku kwetu, kwa wakala anayeahidi kazi ya hoteli na kumpeleka mtu kuosha sakafu. Huku hatuhitaji ruhusa ya mfalme yeyote. Katiba, katika Kifungu cha 53, tayari inampa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi. Mzazi akiwa mbali, lazima pawe na mtu anayetambulika.

Ningeanza na jambo dogo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iweke sharti katika leseni kwamba nakala ya mkataba, jina na simu ya mwajiri, pamoja na nambari ya ubalozi, viachwe kwa mtu wa familia aliyechaguliwa na msafiri mwenyewe, naye atie sahihi mbele ya chifu. Chifu huyo huyo aandike ni nani anabaki na watoto. Mawakala watalalamika kuhusu gharama. Itakuwa njia rahisi ya kujua ni wakala gani hataki familia ijue binti amepelekwa kwa nani.