Mji unaokufa bado una foleni ya maji

Kuna kitu kimenikera kwa muda na leo nakisema. Kila nikipakua ramani ya mji wa kubuni kwa ajili ya gemu yetu ya Jumamosi, hasa ile miji wanayosema imeanguka ama inaoza, napata vitu vilevile: baa yenye mwizi kwenye kona, ngome yenye mfalme mgonjwa, makaburi ambayo mifupa inatembea usiku, basi. Hakuna mtu anafua nguo. Hakuna mtu anauza mandazi. Na mji ambao hauna hata mtu mmoja wa kuuza mandazi huo haufi, ulishakufa kitambo, sasa wachezaji wataenda kufanya nini huko zaidi ya kuokota dhahabu na kutoka?

Sisi tunacheza watu watano, sebuleni kwangu hapa Umoja, chai ya tangawizi, dadu za pande 20, stima ikipotea tunaendelea na tochi za simu. Kwa wale hawajui, kila mtu anachukua mhusika wake na mmoja anasimamia hadithi, na sa hii msimamizi ni mimi. Hii michezo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 na Dungeons & Dragons, ndo maana ngome na mashujaa wengi ni wa Ulaya, na sina ubaya na hiyo. Lakini miji iliyoanguka tunayo hapa kwetu, unapanda basi jioni Nairobi na kesho yake asubuhi uko pwani.

Nilienda Gede mwaka juzi, karibu na Watamu, na nilitoka huko nikiwa mtu mwingine kabisa kwa mambo ya ramani. Ni mji mzima wa mawe ya matumbawe ndani ya msitu, mizizi imekumbatia kuta, kima wanakimbia juu ya misikiti, na kuna kaburi lenye tarehe, 802 ya Hijria, yaani 1399. Watu waliuhama miaka ya 1600 na wataalamu wanataja sababu kadhaa, maji ya visima kushuka ikiwa mojawapo. Lakini kitu kilinishika ni majina ya nyumba. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba pale 1948, nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Nilisimama mlangoni pa hiyo ya makasi muda mrefu sana. Mtu alikuwa na makasi, alafu akaondoka, na makasi yakabaki. Tangu siku hiyo siandiki tena "nyumba ya tajiri" kwenye ramani, naandika kitu kilichobaki, na mezani swali linakuja lenyewe, mbona hakuyabeba?

Basi nikaanza kujenga mji wangu, unaitwa Visima Saba. Na hapa lazima nimpe sifa jamaa yetu mmoja ambaye ni fundi wa mabomba, ju siku ya kwanza wameingia langoni, wengine wanauliza hazina iko wapi, yeye akauliza, "Hawa watu wanakunywa nini?" Sikuwa na jibu. Usiku huo nilichora ramani upya yote.

Saa hii visima vitano vimeingia chumvi, kimoja kimekauka, kimebaki kimoja cha maji matamu na hapo ndo moyo wa mji ulipo, si kwenye ngome. Foleni inaanza kabla ya alfajiri, mitungi imepangwa na kila mtungi una jiwe la mwenyewe juu yake, ukisogeza jiwe la mtu ni vita. Ukingo wa kisima umelika na kamba mpaka unaweza kulaza kidole kizima ndani ya mfuo. Kamba yenyewe anaishika bibi mmoja, na ina mafundo, kila fundo ni mahali ilibidi kuunga kipande kingine juu ya maji kushuka, fundo moja kila mwaka. Mafundo ya zamani yamekaribiana. Ya juzijuzi yako mbalimbali. Sikuwaambia wachezaji maana yake, niliieleza tu hiyo kamba ikipita mikononi mwa bibi, na meza ikanyamaza.

"Shikamoo bibi," mhusika wa fundi akasema.

"Marahaba mwanangu. Na mtungi wako uko wapi?"

Hawakuwa na mtungi. Masaa matatu yaliyofuata ni kutafuta mtungi wa kukodi kwenye mji ambao hakuna mtu anaachilia mtungi wake, na nakuambia hiyo ndo siku tumecheza vizuri kuliko zote, hakuna upanga hata mmoja ulichomolewa. Kila mtu pale mezani anajua hiyo hali. Jina la Nairobi limetoka kwa Kimaasai, maji baridi, na bado kwetu kwa ploti maji yanakuja usiku wa manane siku anazotaka mwenyewe, unasikia mfereji unakohoa, jengo zima linaamka kujaza mitungi ya lita 20. Huwezi kuwafundisha watu kama hao kiu ni nini.

Mahali pa pili ninapapenda ni forodha. Bandari imejaa mchanga, bahari imerudi nyuma, lakini karani anafungua mlango kila asubuhi, anafuta vumbi mezani, anaandika "hakuna chombo" kwenye daftari. Hakuna anayemlipa. Alafu siku moja anakuta kwenye daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe, chombo kimeingia usiku, kimebeba pembe, ambari, na mtu mmoja. Hapo sihitaji joka.

Jumba la kifalme nimelikopa kwa Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, jumba la miaka ya 1300 lenye birika la pembe nane la kuogelea, jumba ambalo hata halikumalizwa kujengwa. Fikiria hiyo, tajiri aliyeshika biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, anajenga birika, na jumba linaachwa kabla halijaisha. Anayetaka kuona majumba ya hivo yakibaki na popo na wadudu asome Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utenzi wa kuanguka kwa mji wa Pate kule Lamu, hakuna ramani itakufikisha hapo. Tofauti yangu ni moja, kumbi za utenzi ziko tupu na mimi kwenye gemu naweka familia ndani, mbuzi wamefungwa kwenye nguzo na mchicha umepandwa kwenye birika, ju mchezaji anahitaji mtu wa kuongea naye.

Soko na lango nitapita haraka, yako, ni madogo, yanafunga mapema.

Makaburi ndo yamenipa shida nzuri. Pwani kuna makaburi ya nguzo, mengine yalipambwa kwa bakuli za China zilizopachikwa ukutani. Na kule Takwa, kisiwa cha Manda, mji ulihamwa miaka ya 1600 lakini watu wa Shela bado wanarudi kwenye kaburi la nguzo kuomba mvua. Hiyo nikaichukua nzima. Mara mbili kwa mwaka waliohama Visima Saba wanarudi na mashua kuomba mvua, wamevaa vizuri, na waliobaki wanawaangalia tu, mlituacha na sasa mnatuombea? Safari hii wamekuta bakuli tatu hazipo, zimebaki duara tupu kwenye chokaa. Anayezing'oa ni msichana wa kile kisima, mjukuu wa bibi, anaziuza alipe nauli ya mashua ya wadogo zake.

Wachezaji wanajua. Wazee wa mashua wameahidi malipo kwa atakayemtaja. Jumamosi iliyopita tulibishana mpaka saa nne usiku na hakuna aliyerusha dadu, fundi akasema mhusika wake hamtaji mtu, anabaki hapo kuchimba kisima cha nane, na kesho yake akanitumia kwa simu mchoro wa vile kitachimbwa.