Haikuwa chai

Naandika haraka kabla ile voisi haijafika kwa mama. Mlio kwenye grupu la mtaa mmeshaisikia: eti nimewapikia wageni chai ya rangi kwenye kompyuta. Uongo mtupu. Yale yalikuwa maji ya betri, na rangi ilikuwa ya keki.

Wafuasi wangu wa siku zote mnalijua lile dude, kompyuta yangu inayopozwa kwa maji: ubavu wazi, mipira ya maji inaonekana, nje limening'inia redieta la hita ya gari nililolitoa mtaa wa Gerezani. Maji peke yake yalikuwa yananitosha kabisa. Ila maji na redieta, ufanye ufanyavyo, hayashushi joto la prosesa (ule ubongo wa kompyuta) chini ya joto la chumba, na chumba chenyewe kiko Mbagala, chini ya bati. Hapo ndipo nikaleta peltia.

Kwa wageni: peltia ni kigae cha kauri cha sentimita 4 kwa 4, chenye waya mwekundu na mweusi. Kipe umeme wa DC, upande mmoja unakuwa barafu, wa pili unakuwa pasi. (Ukikosea waya pande zinabadilishana. Yalishanikuta, leo siyasimulii.) Changu ni 12715, yaani jozi 127 za vipande vidogo ndani yake, ampea 15. Upande wa baridi unalala juu ya prosesa, upande wa moto unabandikwa bloku ya shaba inayopitisha maji. Kwa volti 12 kinakula wati kama 140, na zote hizo, ukijumlisha na joto la prosesa yenyewe, zinaishia kwenye maji.

Na msidhani nilikurupuka. Mzigo wa ampea 12 hivi sikutaka kuutwika pawasaplai ya kompyuta (lile boksi linaloigawia umeme), nikaipa peltia pawasaplai yake, niliyoifungua kwenye mashine ya ofisini iliyokufa. Pawasaplai isiyo na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) haiwaki mpaka uunganishe waya wa kijani na mweusi, basi nikachomeka klipu ya karatasi, ikaitika. Jasho nalo nililifikiria. Joto hili la Machi, kitu chochote Dar kikishuka chini ya nyuzi 23 hivi kinaanza kuchuruzika maji, kwa hiyo nikazungushia sponji ya bomba la AC na soketi, pale prosesa inapokaa, nikaipaka mafuta ya mgando. (Shemeji, kama unasoma, kopo lilikuwa limebaki nusu tu.)

Jumamosi jioni nikaita washikaji waje kucheza gemu ya mpira na, tuseme ukweli, waje kushangaa. Kwenye skrini prosesa inasoma nyuzi 9. Tisa! Watu wakapiga picha. Naongoza mabao mawili, kitu ambacho hakijawahi kutokea, umeme ukakatika.

Tukahamia barazani na soda zetu. Baadaye watoto wa mtaa wote wakapiga ule ukelele, taa zikawaka. Mshikaji wangu, huyuhuyu wa voisi, akainuka aende kuwasha kompyuta. Nikamshika mkono.

"Tulia kaka. Umeme ukirudi huwashi kitu hapohapo. Uache utulie kwanza."

Sasa twendeni polepole. Mimi niko nje natoa darasa la tahadhari. Ndani, kompyuta imezima, inasubiri mtu abonyeze. Pampu inakula umeme wa kompyuta, kwa hiyo nayo kimya. Lakini pawasaplai ya klipu haimsubiri mtu. Klipu iko palepale, umeme umerudi, imeamka na watoto. Wati 140 zinaingia kwenye bloku ambayo maji yake, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, hayatembei.

Barazani nimefika mwaka 1834. "Kuna Mfaransa mmoja, Jean Peltier, ndiye aliyegundua..."

"Shemejiii! Umebandika maji?"

"Hapana, shemeji." Nikaendelea na Mfaransa wangu.

Kimya. Kisha tena, sauti ya mtu aliyeshika mtoto: "Mbona kuna kitu kinachemka huku?"

"Ni feni hiyo."

Feni ya nini, jamani? Kompyuta nimeizuia mwenyewe isiwashwe! Hilo jibu ndilo linaloninyima usingizi, siyo hasara.

Halafu ikaja harufu ya plastiki. Nikakimbia. Nafika mlangoni naona mpira umeshalainika, unateleza kwenye bomba lake milimita kwa milimita, kale kawaya nilikofungia badala ya klempu kanauangalia tu. Nikanyoosha mkono. Mpira ukachomoka, ukanyanyuka, ukanigeukia. Nilipata muda wa kusema "aa" moja. Maji mekundu ya moto yakapiga pazia, yakapiga ukuta, yakamalizia kwenye kanga nyeupe ya shemeji iliyokuwa imetandazwa kwenye kiti. Mvuke mpaka kwenye dari. Haukuwa mlipuko, wa voisi punguzeni chumvi. Ilikuwa "puh", basi.

Shemeji amesimama na mtoto begani. Ameitazama kompyuta inavyotiririka wekundu, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kabisa:

"Nilete vikombe?"

Nyuma yangu mtu alishaanza kurekodi.

Mengine ni mafupi. Nilichomoa plagi. Peltia imekufa, solda yake ya ndani huyeyuka kwenye nyuzi 138 hivi, na maji yalipoisha ilizifikia. Mazabodi ilikuwa imezima, ikapona baada ya kukaushwa kwa feni, nadhani na mafuta ya mgando yamesaidia. Kadi ya picha imegoma.

Kwa mnaouliza inbox kama nitarudia: ndiyo, lakini klipu imestaafu. Mahali pake inakaa rilei ya volti 12, yaani swichi inayojiwasha koili yake ikipata umeme. Koili inakula waya uleule wa pampu, kontakti zake ndizo zinazokutanisha kijani na mweusi, kwa hiyo kompyuta isipowaka peltia haipati kitu. Na siku pampu ikifa kompyuta ikiwa inaendelea, kuna swichi ya joto ya nyuzi 60 kwenye bloku, imekaa kwenye waya huohuo wa kijani, inakata. Klempu pia nimenunua, msiniulize tena.

Ninachohitaji sasa ni mtu anayejua kutoa rangi ya keki kwenye kanga nyeupe. Limao na chumvi nimejaribu. Imekuwa ya pinki yote, na shemeji anasema ina jina lake pembeni, kwa hiyo nisilete nyingine.