Mgombea wa tatu hagawi kura tu, anasukuma duru ya pili

Kuna makala inayodai mgombea wa tatu mwenye nguvu atagawa kura za upinzani na kumzawadia rais ushindi. Hesabu hiyo ni ya Marekani, si ya Kenya. Ili mtu awe rais, Kifungu cha 138 cha Katiba ya Kenya kinataka zaidi ya nusu ya kura zote halali, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24.

Chukua kura za urais za 2022. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930, Wajackoyah 61,969, Mwaure 31,987. Ruto aliivuka nusu kwa kura 69,627 tu. Kura zikihama kutoka kwa Raila kwenda kwa Wajackoyah, hata milioni, hakuna kinachobadilika, nusu inabaki palepale. Lakini kura 70,000 zikimtoka Ruto kwenda kwa yeyote wa tatu, tungerudi kwenye foleni ndani ya siku 30, na huko mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Kama huyo wa tatu angepata kura zake kwa waliobaki nyumbani, wangehitajika maradufu, kama 140,000, kwa sababu kila kura mpya hukipandisha kiwango cha nusu kwa 0.5 tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza huyo wa tatu: anavuna kwenye shamba la nani? (Kura zilizoharibika msizihesabu, Mahakama ya Juu ilishazitoa 2013.)