Je, picha ya mtoto mgonjwa ni uchuro?

Kijana mmoja wa Uyole, Mbeya, huchonga picha kwenye vipande vya lino, ile shiti laini ya kufunikia sakafu, huvipaka wino kwa rola, kisha huchapa kwa kusugua karatasi na mgongo wa kijiko. Juni, baridi ilipokaza, alitoa picha ya mama amempakata mtoto anayeumwa, kanga imewafunika wote wawili. Jirani yake, mama mtu mzima, aliitazama, akailaza kifudifudi mezani. "Mwanangu, unajichuria."

Simcheki. Kwa baridi yetu hii, kila mzazi anakijua kifua cha mtoto kinavyokoroma usiku wa manane. Na tumechoka na mabango ya kuomba misaada yenye sura za watoto ambao hakuna aliyewauliza. Hapo niko upande wa jirani.

Lakini anayechapa msiba wake mwenyewe haombi msaada. Mchoraji Edvard Munch wa Norway alifiwa na mama yake kwa kifua kikuu mwaka 1868, akiwa na miaka 5. Mwaka 1877 ugonjwa huohuo ukamchukua dada yake Sophie, miaka 15. Picha ya rangi aliyomchorea dada huyo ilipoonyeshwa mwaka 1886, watu waliikejeli. Mwaka 1894 akaikwangua upya kwa sindano kwenye bamba la shaba. Mwaka 1896, Paris, akaichora kwenye jiwe la kuchapia, safari hii kichwa cha binti peke yake. Kwa brashi aliirudia hadi miaka ya 1920. Miaka arobaini, na tanga halijaanuliwa!

Anayesema nakala nyingi zinaufanya msiba uwe bidhaa aitazame hiyo shaba kwa karibu. Sindano inapokwangua huacha chenga za shaba zilizoinuka kando ya mstari, nazo ndizo zinazoshika wino na kuupa mstari ule ukungu wake. Kila karatasi ikipita kwenye mashine, chenga hulala kidogo. Baada ya nakala chache ukungu umekwisha, mstari umebaki mkavu; nakala nzuri haziwezi kuwa nyingi.

Sasa uchuro wenyewe. Mwaka 1903, mchoraji Käthe Kollwitz wa Berlin, mke wa daktari aliyetibu familia za wafanyakazi, alichora mama amemkumbatia mtoto aliyekufa. Alijichora mwenyewe mbele ya kioo, amempakata mwanawe Peter wa miaka 7. Kazi ilimchosha hata akagumia, na mtoto ndiye aliyembembeleza: picha itakuwa nzuri. Oktoba 1914 Peter aliuawa vitani Ubelgiji, ana miaka 18. Yule jirani akisikia haya atasema, si nilisema? Nimeliwaza sana jambo hili. Ila mwaka huo vijana kwa maelfu walizikwa ambao mama zao hawakuwahi kushika hata penseli. Kilichomuua Peter ni vita.

Huku kwetu msiba wa kichanga mara nyingi humalizwa upesi. Maturubai hayafungwi, mama anaambiwa atapata mwingine, na picha ya mtoto hana hata kwenye simu. Mama huyo ndiye ninayemfikiria ninapoitetea lino ya Uyole. Kijana alimweleza jirani kwamba mtoto yule ni mdogo wake, na kanga ile ni ya mama yao. Jirani akauliza tu kanga hiyo iko wapi siku hizi.

Hata hivyo, isitundikwe kwenye korido ya wodi ya watoto. Pale mama bado anasubiri majibu.