Madini ya babu chini ya shamba la mwingine

Anayenunua shamba mashariki mwa Ohio, Marekani, anaweza kukuta yaliyo chini yake si yake. Miaka mingi nyuma, mwenye shamba wa wakati huo aliuza ardhi lakini akajibakizia mafuta, gesi au makaa ya mawe. Alipofariki haki hiyo ikaenda kwa watoto, kisha wajukuu na vitukuu, na wengi wao hawajui kama wana urithi huo. Kwa Mkenya au Mtanzania, ambaye kwao madini ni mali ya umma, jambo hili ni geni.

Kilio cha mkulima anayetaka haki hizo zifutwe kina msingi. Mwenye madini anaruhusiwa kisheria kuitumia ardhi ya juu kadiri anavyoihitaji kuyafikia, na mkulima hajui hata abishe hodi kwa nani. Jimbo la Indiana lilikata shauri mwaka 1971: haki isiyotumika kwa miaka 20 inarudi kwa mwenye ardhi, isipokuwa mwenye haki hiyo awe amesajili dai. Wahusika walipewa miaka 2 ya kujiandaa, bila mtu kulazimika kuwaarifu mmoja mmoja. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria hiyo ni halali kwa kura 5 dhidi ya 4.

Mimi ningekuwa na wale 4 walioipinga. Mjukuu anayeishi California atajuaje sheria ya Indiana? Tena usafishaji wa hati, yaani kufuta haki za zamani zilizolala, hauna usafi kila mara: huko Ohio, gesi ya miamba ya Utica ilipopata soko, haki zilizosahaulika zikawa za kugombaniwa.

Tangu 2006 Ohio inamtaka mwenye shamba anayetaka kuzichukua haki hizo awaandikie warithi barua ya rejista kwanza. Asipowapata ndipo atangaze gazetini. Wao wana siku 60 za kudai. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya jimbo ilieleza kwamba ni lazima awatafute kwa bidii ya kuridhisha, ingawa si lazima ampate kila mmoja.

Gharama inamwangukia mkulima. Anaweza kumlipa wakili apekue kumbukumbu za mirathi, kisha mrithi mmoja akasajili dai na kuokoa haki za wenzake wote katika ardhi ile. Inauma. Hata hivyo, anayetaka kuchukua mali ya mtu ndiye anayepaswa kubeba kazi ya kumtafuta, kwa sababu jina la kuanzia analo, la yule aliyejibakizia madini, limeandikwa kwenye hati za shamba lake.