Nauli ya Mkutano wa Mapango, au Ramani ya Matumbi Kwanza?

Kila miaka minne wapimaji na watafiti wa mapango duniani hukutana kwa takribani wiki moja chini ya Umoja wa Kimataifa wa Speleolojia (elimu ya mapango), UIS, ulioundwa katika Slovenia ya leo, mwaka 1965. Mkutano wa kwanza ulitangulia hata umoja wenyewe: ulifanyika Paris mwaka 1953. Wa 17 ulikuwa Australia mwaka 2017. Wa 18 ulipangwa Ufaransa mwaka 2021, ukasogezwa hadi Julai 2022 kwa sababu ya UVIKO-19. Wa 19 ulifanyika Belo Horizonte, Brazil, Julai 2025. Kwa mpangilio huo, unaofuata ni wa 2029. Waongoza wageni wa Kipatimu, katika vilima vya Matumbi wilayani Kilwa, kusini mwa Tanzania, walimu wa jiografia wa Lindi na vijana wa Mtwara walioanza kuingia mapangoni wana uamuzi wa kufanya: wachange fedha mtu aende, au fedha hizo zimalizikie hapa hapa Kilwa?

Kusini kuna cha kupeleka. Vilima vya Matumbi ni nchi ya mwamba chokaa, na maji ya mvua yamekuwa yakiyeyusha mwamba huo kwa muda mrefu kiasi cha kuacha kumbi ambazo tochi ya kawaida haifiki mwisho. Pango la Nang'oma ndilo linalojulikana zaidi, kwa mdomo wake mpana, kwa popo wake, na kwa simulizi za watu waliojificha humo wakati wa Vita vya Maji Maji, vita vilivyoanzia Nandete, huko huko Matumbi, Julai 1905. Sehemu ya mapango haya ilishapimwa na wapimaji kutoka Ulaya. Ramani zao zimechapishwa ughaibuni, kwa lugha za ughaibuni.

Hapo ndipo faida kubwa ya kwenda ilipo. Picha ya ramani huwezi kuiendeleza. Faili ghafi la upimaji, lenye urefu, uelekeo na mwinamo wa kila kipande, unaliingiza kwenye Survex au Therion, programu za bure zote mbili, kisha unaunganisha vipimo vyako kuanzia kituo, yaani alama ya kupimia, cha mwisho alichoacha mpimaji wa awali. Faili kama hilo mtu hampi asiyemjua. Anampa aliyekaa naye meza moja, akaona kazi yake, akajua halitaishia kwenye simu. Mkutanoni watu hao hukaa jengo moja kwa wiki nzima.

Faida ya pili inahusu sheria, na Mtwara inapaswa kuitazama kwa jicho kali kwa kuwa saruji yetu inatoka kwenye mwamba ule ule unaozaa mapango. Brazil ina machimbo makubwa yanayogongana na mapango, na tangu 2008 amri ya serikali yao inayapanga mapango katika madaraja manne ya umuhimu: la juu kabisa, la juu, la kati na la chini. Kwa amri hiyo ya 2008, pango la daraja la juu kabisa haliruhusiwi kuharibiwa. La daraja la chini linaweza kupotea kwa kibali. Mfumo huo una wapinzani wengi huko kwao, na mabishano yao yana faida kwetu, maana yanaonyesha ni vipimo gani vinahitajika mezani kabla tingatinga halijafika. Pango lisilo na ramani halina daraja lolote.

Ukiongeza mafunzo ya uokoaji na upigaji picha, pamoja na mkutano mkuu wa UIS ambamo kila nchi mwanachama ina kura moja bila kujali ukubwa wake, hoja ya kwenda inaonekana imekamilika. Ila kuna kalenda.

Tangu 2009 mikutano yote hii imeangukia nusu ya pili ya Julai. Kwa Ulaya hiyo ni likizo. Kwa Lindi na Mtwara huo ndio moyo wa kiangazi. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo pango lenye kijito ndani halifai kuingiwa: mvua ikinyesha kilimani, maji yanakukuta ndani bila wewe kuona wingu. Muda salama wa kupima ni Juni hadi Oktoba. Kwa hiyo atakayesafiri Julai anaondoka katikati ya msimu mfupi wa kazi, na ndio huo huo ambao wenye mikorosho wanapulizia dawa ya ukungu.

Fedha nazo zina msimu wake. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo hufika mikononi mwishoni mwa mwaka au mwanzoni mwa unaofuata. Ada nafuu ya mkutano, ile ya wanaojisajili mapema, kwa kawaida hufungwa miezi kadhaa kabla ya Julai. Maana yake, ada ya 2029 italipwa na korosho za 2028. Anayetegemea ufuta wa Juni atalipa ada kamili, na viza itakuwa imeshachelewa.

Viza yenyewe ndiyo kikwazo kinachovunja mipango mingi. Mwenyeji akiwa nchi ya Schengen, eneo la Ulaya lenye viza moja, ada ya maombi kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi ukikataliwa. Inatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Alama za vidole mwombaji huzitoa mwenyewe, kwa hiyo lazima afike Dar es Salaam. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, yaani Januari kwa safari ya Julai, na Januari au Februari ndiyo miezi ya kuyapeleka. Ukisubiri Aprili au Mei unaiweka safari nzima kwenye rehema ya barabara: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, Lindi na Mtwara zilitengwa na Dar es Salaam kwa njia ya gari. Barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji inasaidia, lakini ofisa wa viza hutaka zaidi kuona sababu ya mtu kurudi nyumbani: ajira, shamba, familia, taarifa ya benki yenye mzunguko wa miezi kadhaa. Fedha iliyoingia yote siku moja kutoka kwa mtunza hazina wa kikundi inazua maswali. Iambatanishwe na muhtasari wa kikao uliosainiwa, unaoeleza nani amechanga na kwa nini.

Safari za mapangoni zinazoambatana na mkutano nazo zisimvutie mtu bila hesabu. Hewa ndani ya pango hukaribia wastani wa joto la nje la mwaka mzima. Kilwa hiyo ni digrii ishirini na kitu, unatoka jasho. Kwenye milima ya Alps ni digrii chache tu juu ya sifuri, na ovaroli ya pamba iliyolowa humo inamaliza nguvu za mtu kwa muda mfupi. Kama safari inahitaji kushuka shimo kwa kamba, mwenyeji atadhani unajua kupanda na kushuka mwenyewe, kubadilisha vifaa kwenye fundo, na kujinasua ukikwama. Hayo hayafundishwi asubuhi ya safari. Asiyeyajua achague mapango ya kutembea.

Afya haina mjadala mrefu. Popo wa matunda wanaoishi mapangoni hubeba virusi vya Marburg: wagonjwa wa 1980 na 1987 walikuwa wametembelea pango la Kitum nchini Kenya, na watalii wawili wa 2008 walikuwa wametembelea pango la Python nchini Uganda. Dalili huweza kuchukua hadi siku 21, kwa hiyo msafiri asiingie pango lenye popo hao ndani ya siku 21 kabla ya ndege. Nguo na viatu vya pangoni visisafiri kabisa. Ukungu, yaani kuvu, unaoua popo wa Amerika Kaskazini, ambao athari zake zilionekana huko kwanza mwaka 2006, huhamishika kwa matope ya kwenye vifaa. Azime vya huko na uviache huko. Kisichoepukika kusafiri kilowekwe kwenye maji ya digrii 55 kwa dakika 20.

Sasa, fedha hizo zikibaki hapa zinafanya nini? Timu ya upimaji ni watu watatu: mmoja anatangulia kuweka kituo, mmoja anasoma vyombo, mmoja anachora. Vifaa ni mkanda wa mita 30 au kipimo cha leza, dira, kipima mwinamo, daftari lisiloloa, penseli, kofia ngumu tatu na taa tisa, tatu kwa kila mtu. Kwenye ukumbi mpana hupima mita 300 hadi 500 kwa siku. Kwenye kichochoro cha kutambaa hata 100 hawafiki. Siku kumi za kazi, sawa na siku za safari ya mkutano, zinaweza kuzaa kilomita mbili za ramani. Kinachoharibu ni mambo madogo. Betri ya taa ya kichwani ikisogea karibu na dira, sindano inahama, na mzunguko wa pango haufungi kwenye karatasi, yaani vipimo vinavyozunguka havirudi pale vilipoanzia. Dawa yake ni kusoma mbele na nyuma katika kila kipande, na tofauti ikizidi digrii 2, kurudia hapo hapo. Mzunguko ukifunga ndani ya asilimia 2 ya urefu wake, kazi inakubalika. Kosa baya zaidi ni mchoraji kuahirisha mchoro hadi akiwa nje. Huko nje atachora anachokumbuka. Mchoro unachorwa humo humo gizani, kwa skeli ya 1:500, au 1:200 penye mambo mengi.

Wapo wanaosema mtu aende kwanza, ramani zitafuata, kwa sababu mkutanoni ndiko wanakopatikana wafadhili na timu za kuja kusaidia. Hoja ina uzito; vifaa vingi na mafunzo mengi duniani hupatikana kwa kujuana. Lakini timu ya kigeni itakayokuja kufanya utafiti itahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, idhini ya kijiji, na pale penye mabaki ya kale, idhini ya mamlaka ya Mambo ya Kale. Asiye na kazi yake mwenyewe ataingia katika makubaliano hayo kama mbeba mizigo na mwonyesha njia, nafasi ambayo watu wa Matumbi wameishaijua vya kutosha.

Kwa hiyo mizani inaelemea kwenda, kwa masharti. Kuna viangazi vitatu kamili kabla ya mkutano huo, vya 2026, 2027 na 2028. Ikifika Septemba 2028 kikundi kikiwa na walau kilomita mbili zilizopimwa, zikafunga, zikachorwa, wachange. Bila hivyo, fedha ya nauli inunue kipimo cha leza. Waende wawili, kwa sababu mmoja akihamia mji mwingine anaondoka na kila alichojifunza. Fedha ikitosha mmoja tu, aende anayeishi Kipatimu, hata kama Kiingereza chake kinakwama, kuliko mwenye Kiingereza laini anayeishi Dar es Salaam. Bango la ukubwa wa A0, milimita 841 kwa 1,189, lenye ramani safi litamsemea sehemu kubwa.

Ramani ya kwenye bango hilo ionyeshe umbo la pango, skeli na jina la kijiji, isionyeshe namba za GPS za mdomo wake. Wachimbaji wa mali ya Mjerumani, hazina inayosemekana kufichwa na Wajerumani, hawahitaji zaidi ya namba hizo, na wakishapita na sururu, sakafu ya matambiko na ya mifupa hairudi. Faili kamili libaki nakala mbili, moja ofisi ya kijiji na nyingine halmashauri, Kilwa Masoko, kabla ya yeyote kupanda basi.