Anza na maua ya kitenge

Wanaotaka kujifunza kushona mifarishi, yaani matandiko ya tabaka tatu yaliyoshikizwa pamoja kwa mishono, huniuliza kwanza wanunue cherehani gani. Kama nyumbani kuna Butterfly ya miguu, tusiendelee na mjadala huo. Kinachotakiwa ni meno ya cherehani, yale ya chini ya mguu wa sindano yanayosogeza kitambaa, yasikivute. Yashushe, kama yako hayashuki, yafunike kwa karatasi ngumu iliyotobolewa tundu la sindano, uigandishe kwa selotepu. Weka mguu wa kudarizia, ule wenye springi. Sasa mikono yako ndiyo inayopeleka kitambaa mbele, nyuma na pembeni, na urefu wa mshono unategemea mikono na pedali zinavyoelewana. Mikono ikikimbia, mishono inarefuka. Ikizubaa, inarundikana mahali pamoja.

Ninachobishania ni somo la kwanza. Mwanafunzi anapewa kitambaa cheupe, anaambiwa azungushe mishono ya kujikunjakunja kama alivyoona kwenye video za Wamarekani. Aelekee wapi? Mpe kitenge! Ua kubwa la kitenge lina ukingo uliokwishachorwa: aufuate kwa sindano, azunguke petali moja hadi nyingine, ashuke kwenye kikonyo, ahamie jani. Macho yana pa kushika, na mikono inajifunza kupinda bila akili kuhangaika kubuni. Akiyumba, rangi zinamsitiri. Upande wa nyuma hausitiri chochote, kwa hiyo ageuze mara kwa mara. Akikuta vitanzi vya uzi huko chini, mara nyingi ni kwa sababu wenzo wa mguu haukushushwa: mguu wa kudarizia unaelea kidogo juu ya kitambaa, mtu anadhani umeshuka, kumbe uzi wa juu haujakazwa.

Vipande vya vitenge viko kwa kila fundi, na wengi wanavitupa.

Katikati usiweke sufi, kwa anayeanza itamkimbilia pembeni. Blanketi jembamba la mtumba kutoka soko la Sabasaba linatosha, na usiku wa Julai hapa Dodoma hutalidharau. Bana tabaka zote tatu, yaani kitenge, blanketi na kitambaa cha chini, kwa pini, uzichomoe kadiri sindano inavyokaribia.

Kuhusu kozi za kulipia mtandaoni, mimi ningempelekea hela hiyo mdarizi wa mashuka. Kuongoza kitambaa kwa mikono ndiyo kazi yake ya kila siku, ila yeye hukibana kwenye fremu ya duara. Mwombe mchana mmoja, na mlipe vizuri.